Hita ya Karen Katika Chumba cha Kinoo

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa meza wala kiti. Mkaguzi Mkuu wa Afya aliviangalia viatu vyangu, akasema vitafaa, kisha akaniteremsha ngazi za jengo kuukuu katikati ya Nairobi mpaka chini kabisa, kulikokuwa na boila. Boila ni tangi la chuma linalochemsha maji kwa moto wa mafuta, na hilo liliwahudumia wapangaji wa ghorofa zote za juu. Akanionyesha kidirisha cha kuchungulia moto. Ulikuwa wa manjano, unayumbayumba, na kioo kilikuwa kimeingia masizi.

"Unaona nini?" akaniuliza.

Nikamwambia naona moto unaowaka vizuri.

"Huo moto una njaa. Haupati hewa ya kutosha. Moto ukiwa na njaa hutoa sumu."

Nikauliza sumu gani, nikauliza inatoka vipi, na kabla sijamaliza swali la tatu alinishika kiwiko akanipandisha hadi barabarani. Huko ndiko alikonijibu. Sumu yenyewe ni hewa iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Ukiivuta, inakalia nafasi ya oksijeni katika damu, na mwili unakosa pumzi huku kifua kikipanda na kushuka kama kawaida.

"Sasa sikiliza, msichana," akasema. "Ukikuta moto wa namna hii na watu wako ndani, usianze kufundisha. Watoe nje kwanza. Maelezo baadaye."

Fundisho hilo lilikuwa gumu kwa mtu kama mimi, ninayependa kueleza jambo mpaka aliyekaa nyuma kabisa atikise kichwa. Nililiweka moyoni, lakini nilitumaini sitalihitaji.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Dagoretti Corner. Nilikagua mikahawa na nyumba za kupanga, na huko nikajifunza tabia za stovu za mafuta ya taa. Utambi ukichakaa, yaani ile pamba inayonyonya mafuta, stovu hutoa moshi unaowasha macho na kumbana kifua mtoto mwenye pumu. Moshi huo ni mbaya, lakini angalau unamkoholesha mtu, naye atafungua dirisha.

Baadaye nikapelekwa Karen, chini ya Afisa Mwandamizi wa Afya, mama mmoja mpole aliyeongea polepole. Nyumba za huko zina vyumba vipana na baridi kali mwezi wa Julai, kwa hiyo hita za mafuta zilikuwa nyingi. Tuliitwa kwenye nyumba moja ambayo familia nzima iliumwa kichwa na kutapika, wakawa wanameza dawa za malaria. Hata mbwa wao alikuwa anapepesuka. Afisa Mwandamizi hakutoa pole, alitazama juu ya paa. "Malaria haipigi watu wote na mbwa wao asubuhi moja," akaniambia. "Kagua bomba la moshi." Ndege walikuwa wamejenga kiota ndani yake, na hewa chafu ilikuwa inarudi sebuleni. Walipona wote. Niliondoka nikistaajabu jinsi kifo kinavyoweza kuingia nyumbani kwa sura ya joto zuri.

Nilistaafu nikiamini kwamba nimeshaona yote. Julai iliyofuata, Njeri, binti wa dada yangu, akajifungua mtoto wa kike. Anaishi Kinoo, chumba kimoja, na mumewe ni mtunza bustani huko Karen. Mwajiri wake alikuwa amempa hita kuukuu ya mafuta ya taa kwa ajili ya mtoto, hita iliyotengenezewa sebule kubwa.

Nilikwenda mchana, siku ambayo akina mama wa kanisa walikuja kumwona mtoto. Nilipofungua mlango, joto lilinipiga usoni kama la tanuri la mikate. Mama mkwe wa Njeri, ambaye sote humwita Shosho, yaani bibi, akanipokea kwa furaha. "Karibu, Mama Kui, lakini funga mlango haraka, baridi isimwingie mgeni wetu."

Wageni walikaa wameegemea ukuta. Mmoja alikuwa anasugua paji la uso, akisema ni njaa. Mwingine alilaumu kile kilima cha kutoka steji ya matatu. Njeri alikuwa ametapika mara kadhaa, nao walisema ni uchovu wa uzazi, wakawa wanajiandaa kumwombea.

"Ila mtoto ni mtulivu ajabu," Shosho akasema. "Tangu asubuhi hajalia. Huyu ni mtoto wa baraka."

Hita ilikuwa katikati ya chumba, moto wake wa manjano. Juu ya dirisha, kwenye matundu ya hewa, Shosho alikuwa ameshindilia sweta kuukuu, na mikono ya sweta ilikuwa inaning'inia ukutani.

"Tokeni nje," nikasema. "Wote. Sasa hivi."

Hakuna aliyesimama. "Mama Kui, si ulistaafu?" mmoja akanitania. "Ama bado unafunga hoteli za watu?" Wakacheka, kicheko kizito cha watu wenye usingizi. Shosho akasimama kati yangu na kitanda.

"Mtoto wa wiki moja umtoe nje na hii baridi? Unataka nimzike mjukuu wangu?"

Hilo ndilo linalonishtua mpaka leo. Kila alichofanya kilikuwa cha upendo: joto, dirisha lililofungwa, ile sweta kwenye matundu. Maelezo yote ya maisha yangu yalinijaa kinywani. Nikayameza. Nikampita Shosho, nikamchukua mtoto, nikatoka naye. Shingo yake ilikuwa imelegea kama kitambaa.

Shosho akanifuata akifoka, na wengine wakamfuata Shosho. Njeri alijaribu kusimama, magoti yakakataa, wawili wakamkokota. Basi wote wakawa nje kwenye manyunyu, na mimi nimemfunika mtoto kwa koti langu, nikimsugua mgongo. Hakulia. Kisha mtoto akakunja uso, akatoa sauti ndogo kama ya paka, na baadaye akalia kwa nguvu zake zote.

Jirani alitupeleka hospitali kwa gari lake. Mama na mtoto waliwekewa oksijeni. Tukiwa kwenye benchi Shosho akaniambia, "Sasa nieleze." Nikamweleza polepole, kuanzia moto hadi damu.

"Kwa hivyo hakuwa ametulia?"

"Hapana, Shosho. Alikuwa anazimika."

Walipotuita, alikuwa wa kwanza kuinuka.

Ninyi vijana mnaonisikiliza, mtoto mchanga hupashwa joto kwa kifua cha mtu na nguo kavu. Matundu ya hewa si urembo wa ukuta. Na vichwa vikiuma nyumba nzima kwa pamoja, tokeni, kisha mwende hospitali hata kama mmepata nafuu.

Juzi mimi na Shosho tulikwenda kumwona mtoto mwingine, jirani na kwa Njeri. Yeye aliingia mbele yangu. Kabla ya kusalimia alitazama juu ya dirisha, akaona matambara kwenye matundu, na jiko la makaa pembeni. Akamwinua mtoto bila kuomba ruhusa, akageukia mlango.

"Tokeni nje," akasema.

Mama mtoto akauliza kuna nini.

"Maelezo anayo Mama Kui. Tokeni kwanza."