Mzinga, Simu na Wimbo wa Mlangoni

Wiki mbili kabla ya mdogo wangu wa mwisho kuolewa, nilianza kuuogopa mlango wa nyumba yetu wenyewe. Kwetu Ipole bibi harusi hatoki nyumbani kimya. Mama yake husimama mlangoni na kuanzisha wimbo wa kumkabidhi, wanawake huitikia, na kwa wimbo huo wakwe hujua nani aliyemlea.

Mama yetu alifariki mdogo wangu huyu akiwa hajatimiza miaka miwili, na baba akamfuata kabla mwaka haujaisha. Mimi mkubwa nilikuwa darasa la sita. Nikaacha shule, nikamfunga mtoto mgongoni kwa kanga ya mama, nikaenda kulima tumbaku ya watu. Nilimbeba hadi akawa mkubwa wa kuchekwa. Kwa hiyo mlangoni ilikuwa nafasi yangu.

Tatizo ni sauti. Yangu ni nzito. Mtu asiyenijua akinipigia simu huniamkia, "Shikamoo baba," nami huitikia marahaba, yaishe. Shuleni mwalimu wa kwaya alinitoa kwenye mstari wa wasichana, akanirudisha, mwisho akaniambia nishike vitabu. Tangu hapo nilikuwa naimba shambani tu.

Shangazi, dada yake baba, alikuja mapema kutoka Urambo. Ana sauti nyembamba inayopenya. Akiimba kisimani, wa barabarani wanageuka.

"Mwanangu, mbona unajitesa," aliniambia tukichambua mchele. "Sauti hiyo ni ya kufukuzia nguruwe pori. Wimbo niachie mimi."

"Nitaimba, shangazi."

"Utaimba, sawa. Wakwe wakicheka, anayechekwa si wewe."

Hapo alinipata. Wakwe walikuwa watu wa Tabora mjini, na bibi harusi akichekwa mlangoni huondoka na jina. Kuna mwanamke kijijini kwetu ambaye siku ya harusi yake wimbo ulikatika katikati. Ana wajukuu sasa, na bado wanamtaja kwa wimbo ule.

Nikataka kuujua ukweli mwenyewe. Nyuma ya nyumba ilikuwepo mizinga ya nyuki ya baba, magogo matupu yanayonukia nta mpaka leo. Nikapiga magoti, nikaweka mdomo kwenye uwazi wa mmojawapo, nikaimba. Sauti ilirudi imejaa, hata meno yakatetemeka. Nikainuka nikicheka peke yangu.

Kesho yake nikajirekodi kwa simu. Kilichotoka kilikuwa kama nzi ndani ya chupa. Uzito wote umepotea, imebaki pumzi na vipande vya maneno. Nikarudia mara nne. Mzinga umesema naweza, simu imesema siwezi. Siku hizi najua kwamba gogo tupu humsifu kila mtu, na kispika kidogo cha simu hakibebi sauti ya chini. Wakati ule niliiamini simu. Mwenye hofu huamini baya kwanza.

Nikamfuata mdogo wangu alikokuwa akisukwa.

"Wimbo nimemwachia shangazi," nikamwambia.

Hakugeuka, nywele zilikuwa mikononi mwa msusi. "Dada, shangazi alinibeba lini?"

"Sauti yangu haifai. Nimeirekodi, sikiliza."

Simu niliyomnyooshea hakuichukua. "Mimi sauti yako nilianza kuisikia kwa shavu. Ukiimba shambani, mgongo wako ulikuwa unanguruma, shavu langu linawashawasha." Akacheka. "Ungekuwa na sauti ya shangazi, nisingelala hata siku moja."

Hofu haikuondoka, lakini shangazi nilimwambia siku hiyohiyo kwamba wimbo nimeuchukua tena mwenyewe.

Siku yenyewe wakwe walijaa uani. Nilisimama mlangoni. Hofu ikaniponza: nikaanzia juu, pale marehemu mama alipokuwa akianzia nyimbo zake, pale ambapo shangazi angeanzia. Mstari wa pili ukanikatikia kooni. Mwanamke mmoja wa upande wa mume alijifunika mdomo kwa mtandio, mabega yakimcheza. Nyuma yangu nilimsikia shangazi akivuta pumzi, nikajua anajiandaa kunipokonya.

Halafu nikahisi shavu mgongoni. Mdogo wangu, na mapambo yake yote, alikuwa ameniegemea.

Nikaanza upya, chini kabisa, pale ninapoanzia nikiwa na jembe. Sauti haikwenda mbali. Wanawake waliokuwa karibu na uzio hawakusikia, wakasogea. Waliokuwa mbele yao wakasukumwa, nao wakasogea, mpaka wakwe wote wakawa wamenizunguka hatua mbili tu kutoka mlangoni, pamoja na yule wa mtandio. Wakaitikia. Hata shangazi aliitikia, na aliitikia vizuri kuliko wote.

Sijui kama niliimba vizuri. Baadaye mtu alinitumia video. Nimeitazama mara nyingi. Midomo yangu inacheza, mimi mwenyewe sisikiki hata kidogo. Wanaosikika ni waitikiaji. Kila ninapomaliza mstari wanaingia, wote kwa pamoja, na hakuna hata mmoja anayepotea.