Manyanga ya Pacha Kwenye Kinanda cha Kwaya

Jambo hili sijawahi kulisimulia nikiwa nimemtazama mtu usoni, na hata leo mtanisamehe nikiangalia pembeni, maana aibu yake haijapungua, imezeeka tu pamoja na mimi. Nilivuruga mazishi. Sikulewa, sikugombana na mtu, wala sikuwa na nia mbaya hata chembe. Niliyavuruga kwa sababu nilitaka kinanda kilie vizuri.

Miaka ile ndiyo kwanza bidhaa zilikuwa zinaanza kurudi madukani, na sisi tuliokulia kwenye foleni za sabuni na sukari tulishangaa kila kitu. Kwaya yetu ya Nyasho nayo ikapata kitu chake cha kushangaa: mfanyabiashara mmoja, muumini mwenzetu, alituletea kinanda kidogo cha umeme kutoka upande wa Sirari, mpakani. Nikakabidhiwa mimi (kwa sababu nilikuwa nafahamu ufundi redio kidogo, na kwa sababu nilikipakata siku ya kwanza nikakataa kukiachia). Kilikuwa na sauti za kila aina, lakini mdundo wake ulikuwa na ugonjwa mmoja. Zile sahani mbili za ngoma za bendi zinazogongana zikishika mwendo, chi-chi-chi, ambazo wapigaji wanaziita hai-hati, kwenye kinanda chetu zililia kavu na kwa nguvu ileile kuanzia mwanzo wa wimbo hadi mwisho. Doto, dada aliyekuwa anatuanzishia nyimbo nyingi, akanitania mbele ya kwaya nzima.

"Kaka Masatu, hicho kinanda chako kinakaangaga dagaa."

Walicheka, nami nikacheka, lakini neno lile lilinikaa. Doto alikuwa mtu pekee mle ndani aliyesikia kile nilichokuwa nasikia mimi.

Sasa, kinanda kile kilikuwa na kitundu cha kipaza sauti. Ukikisogezea kitu kikalia, kinaidaka sauti hiyo fupi, halafu unaipiga kwenye vibonye: vya juu inatoka nyembamba na fupi, vya chini inatoka nzito na ya kuburuza. Nikasema hapa ndipo hai-hati yangu itakapopatikana. Nilijaribu mfuniko wa sufuria, nikajaribu kopo lenye mchanga, nikajaribu hata ufagio juu ya dagaa waliokauka (mke wangu akaniuliza kama nimeanza kuumwa). Hakuna kilichofaa.

Tukiwa katika hali hiyo Doto akapata homa, akaenda Bunda kuuguzwa kwa mama yake, na hakurudi tena. Taarifa ilipofika tulilia wote. Mwalimu Wambura, mwalimu wetu wa kwaya, akasema tutakwenda kumzika, na pale kaburini tutaimba wimbo aliokuwa anauongoza yeye, pamoja na kinanda. Mimi moyoni nikaapa kwamba siku hiyo hakitakaanga dagaa.

Nikapita Kamunyonge kumuaga bibi yangu, nikakuta ametoka. Ukutani kulikuwa na manyanga yake, vibuyu viwili vidogo vilivyofungwa pamoja kwa kamba ya ngozi, ambavyo tangu nipate akili sijamwona akivigusa. Nikavishusha, nikatikisa mara moja. Jamani! Ilitoka sauti kavu ikifuatwa hapohapo na mwenzake laini, sahani mbili kabisa. Nikaidaka. Nikaipanga kwenye vibonye, nyembamba ya kushika mwendo na nzito ya kufungulia mwishoni, nikapiga nyingine kwa nguvu na nyingine kwa kunong'ona ili isichoshe sikio, na kinanda kikaushika mdundo wote kiurudie chenyewe. Nikavirudisha vibuyu ukutani. Kumsubiri bibi nimuulize ni vya nini, sikusubiri. Huo ndio uamuzi wenyewe, mdogo kiasi hicho.

Kinanda kile kikizimwa kilisahau kila kitu, kwa hiyo nilisafiri nacho hadi Bunda juu ya lori kikiwa kinawaka, nimekikumbatia kama mtoto mgonjwa, na wenzangu wakidhani ni majonzi.

Msibani tulikuta watu wamenuna. Sikuuliza, nilikuwa nahangaika kuunganisha spika kwenye betri ya gari. Nilichokuja kujua baadaye nawaambia sasa hivi ili mwelewe. Doto alikuwa pacha. Mwenzake, Kulwa, alikuwa pale kando ya mama yao, hajasema neno tangu msiba utokee. Kwa mila ya ukoo wa mama yao, pacha hazikwi hivihivi. Yanachezwa manyanga yake maalumu, vibuyu viwili vilivyofungwa pamoja kama vile vya bibi yangu, na kila mwanamke aliyewahi kuzaa pacha akiyasikia lazima aitike kwa kigelegele na kucheza, na nyimbo zenyewe zina matusi mazito, la sivyo aliyebaki naye anaweza kufuata. Mchungaji alikuwa amesema yakichezwa, yeye haziki. Wajomba wakawa wamesema yasipochezwa, wao hawachimbi. Wakavutana hadi Mama Kulwa mwenyewe akaamua: binti yangu alikuwa mtu wa kanisa, azikwe na kanisa, manyanga yasisikike. Alimwahidi mchungaji mbele ya ndugu zake, naye akabaki kimyakimya na hofu yake ya kumpoteza Kulwa.

Tukafika kaburini. Jeneza likaanza kushushwa. Mwalimu Wambura akanitikisia kichwa, nami nikabonyeza.

Manyanga ya pacha yakalia kutoka kwenye spika ya kwaya.

Kwa muda mfupi nilijisikia fahari, siwafichi. Ilikuwa sauti safi kuliko nilivyowahi kuisikia. Halafu nikaona waliokuwa wanashusha jeneza wameganda na kamba mikononi. Bibi mmoja upande wa pili akapiga kigelegele, mwingine akapokea kwa mstari wa wimbo ambao siwezi kuutamka hapa, na mchungaji akafunga kitabu.

"Nani amewapa hongo watu wa kwaya?" akauliza.

"Hongo gani!" mjomba mkubwa wa marehemu akafoka. "Mmetukatazaga yetu, sasa mnatuchezea nayo kwa mashine? Mnatudhihaki?"

Nikawahi kuzima. Kwa haraka nikagusa kitufe cha mwendo badala ya kile cha kuzima, na manyanga yakaanza kukimbia. Mwalimu Wambura akaruka akang'oa waya wa spika. Kimya. Lakini kinanda kilikuwa na mawe yake tumboni, zile betri ndogo za redio, kikaendelea chenyewe, chi-chi-chi, kidogokidogo, na watu wote walikuwa wanakisikia. Nikakigeuza, nikavuta kifuniko, mawe yakamwagika, na moja likabingirika mbele ya macho yetu sote likaingia kaburini.

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Mjomba akasema kitu kile hakizikwi na mtoto wao, jeneza likavutwa juu tena, mtu akashuka kulitafuta. Mimi nimesimama na kinanda kilichopasuliwa tumbo, natamani lile shimo lingekuwa langu.

Ndipo nikamwona Mama Kulwa. Alikuwa amesimama. Yeye pia alikuwa ameitika: kigelegele kimoja na hatua chache, mkono ukiwa bado juu, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyejikuta amefanya asichotaka. Akaja hadi nilipo.

"Mwanangu, nani amekutuma?"

"Hakuna, mama. Nilikuwa natafuta sauti nzuri."

"Ulijua ni ya nini?"

"Sikujua. Nisamehe, mama."

Akanitazama sana, kisha akamgeukia mchungaji.

"Mchungaji, nilikuahidi na nimevunja. Miguu imenishinda. Kama utaondoka, ondoka, sitakulaumu."

Nilidhani anaondoka kweli. Halafu akafungua kitabu, akasoma, na sauti yake haikuwa imara. Tuliimba bila kinanda, na mahali pa kuanzisha pakawa wazi kwanza, hakuna aliyethubutu, hadi Kulwa alipoanzisha yeye. Hilo ndilo neno lake la kwanza tangu msiba.

Watu niliowasimulia hunipa moyo: kumbe ilikuwa heri, mama akatimiza mila, hofu ikamtoka, na Kulwa ni mzima hadi leo. Mimi sikubali. Nilipokuwa nafunga vyombo Kulwa alinijia akasema, "Ile sauti ilikuwa nzuri, kaka. Ila mama alikuwa amechagua." Akaenda zake.

Hilo ndilo linaloniuma, kuliko hata lile jiwe la redio. Mwanamke yule alikuwa amechagua kwa uchungu, mbele ya ndugu na mbele ya Mungu wake, nami nikamnyang'anya uchaguzi wake kwa kubonyeza kitufe. Bado napiga kinanda, na bado natafuta hai-hati. Lakini sidaki sauti ya kitu cha mtu kabla sijakaa chini na mwenyewe, nikamuuliza kinalizwaga lini, na kwa ajili ya nani.