Bolti Mpya Chini ya Boneti

Mdogo wangu alikaa na gari langu wiki mbili kule Iringa. Aliporudisha funguo kwangu Uyole, Mbeya, alisema, "Dada, gari ipo vilevile." Sikumwuliza chochote, lakini alipoingia ndani kunywa chai, nililizunguka gari mara mbili. Nikafungua boneti. Juu ya injini, katikati ya bolti zilizoingia kutu, kulikuwa na moja inayong'aa.

Nikafunga boneti, nikaingia ndani kunywa chai naye.

Jumamosi iliyofuata tukasafiri wote wawili kwenda Iringa kumwona mama, tukapanga kupitia Rujewa kumchukulia mchele. Mbeya ni baridi. Mimi kiyoyozi, hupita hata miezi sijakiwasha. Lakini tuliposhuka kwenye tambarare za Usangu joto likatushika, nikakiwasha. Gari likiwa mwendoni hapakuwa na shida. Tuliposimama mbele ya mashine ya kukoboa mpunga, likaanza kutetemeka kama mtu mwenye homa. Usukani ukatikisika mikononi mwangu. Nikazima kiyoyozi, likatulia. Nikawasha, likatetemeka tena na kutaka kuzimika.

"Ulilifanya nini?" nikamwuliza mdogo wangu.

"Mimi? Sijafanya kitu."

"Injini ilifunguliwa. Nimeona bolti mpya."

Akageuza uso dirishani. Huko kugeuka kukanithibitishia yote niliyokuwa nayo kichwani: limegongwa, au kifaa kizima kimetolewa na kuwekwa kibovu.

Mwenye mashine alituelekeza kwa fundi jirani, mzee wa Kisukuma ambaye wazazi wake walihamia Usangu na ng'ombe wao. Naye sikumwamini. Alipotaka kufungua, nikasogea nikasimama begani kwake.

"Mwalimu, hutaibiwa," alisema bila kugeuka; mdogo wangu alishamwambia kwamba ninafundisha. "Kaa kwenye usukani. Nikisema washa, washa eesii, hicho kiyoyozi. Uangalie ule mshale."

Nikafanya hivyo mara tatu. Kila nilipowasha, mshale wa mizunguko ya injini ulianguka badala ya kupanda kidogo.

"Kompresa ya eesii inavutwa na injini," akasema. "Ni kama umempa mtu mzigo. Anatakiwa avute pumzi zaidi. Hii pumzi haipati."

Alikagua plagi, zikawa nzima. Kisha akafungua bomba la hewa, akaingiza kitambaa kwenye mlango ambao hewa hupitia kuingia kwenye injini. Kikatoka cheusi tii.

"Huu uchafu ni wa wiki mbili?" nikauliza, nikimtazama mdogo wangu.

Fundi akacheka. "Wa miaka, mwalimu. Unaendesha safari fupifupi, eti?"

Nyumbani hadi shuleni ni dakika sita. Nikanyoosha kidole kwenye injini.

"Na hiyo bolti?"

"Inashika koili, kile kifaa kinachopeleka umeme kwenye plagi. Koili yenyewe mpya, na ni nzuri."

Hapo mdogo wangu akazungumza. "Ya zamani ilikufa Ilula, nikanunua nyingine. Nilijua ukisikia imefunguliwa utasema nimeiharibu." Akanigeukia. "Na umesema."

Fundi alisafisha, akarudishia bomba, akaniambia niache injini ingurume bila kukanyaga mafuta mpaka izoee. Nikawasha kiyoyozi. Mshale ukapanda kidogo, ukasimama pale pale.

Tulipakia mchele. Tukaendesha hadi Makambako. Hapo nikamwambia, "Mdogo wangu, nisamehe." Akasema, "Yameisha, dada," kwa sauti ya mtu anayejibu salamu. Nikampa usukani. Aliniona ninavyotazama vioo na mshale wa joto kila alipobadilisha gia. Nilijaribu kuacha, nikashindwa.

Mwezi uliofuata alikuwa na safari ya Iringa. Nikampigia, nikamwambia funguo ziko mezani aje achukue.

"Asante, dada," akasema. "Nimeshakata tiketi ya basi."