Tumbo Alilolitaka Mume Wangu

Majina ya wazee wote wa siku ile ninayo, hata la mbwa wao. Siyaandiki, kwa sababu wajukuu zao ninasali nao kanisa moja.

Mume wangu alikuwa mhudumu katika hoteli ya wageni kule juu, ukingoni mwa kreta, lile shimo kubwa la wanyama. Nyumbani Endabash alirudi siku za likizo tu, na sabuni na majani ya chai. Ilikuwa miaka ya sabini, nimejifungua mtoto wa tatu. Kwetu mzazi analishwa. Mama mkwe alinipa uji wenye siagi, maziwa, supu ya nyama. Mwanamke akitoka uzazini amenenepa, majirani wanasema ukoo ule una ng'ombe na una utu. Basi nikatoka mashavu yanang'aa, tumbo mbele.

Yeye akalitazama tumbo lile kama mtu anayetazama gunia lililotoboka njiani.

"Mama watoto, hilo hutaliondoa?"

"Niliondoe nikaliweke wapi?"

"Wanawake wa kizungu wanazaa na tumbo linabaki bapa. Asubuhi mazoezi, mchana wanakula majani."

"Majani! Mimi mbuzi?"

Hakucheka. Akasema wenzake kazini wana wake wa mjini, naye anaona aibu kuongozana na mimi hata sokoni Karatu. Neno hilo liliniingia. Ndipo akalala chali kwenye ngozi ya ng'ombe, na suruali yake ya kazi, akanionyesha: inua miguu, shusha bila kugusa chini, sasa inua kifua. Jioni usile ugali. Siagi acha kabisa.

Mazoezi! Mimi niliyekuwa nalima toka alfajiri, nachota maji bondeni na kupanda nayo mlima, nasaga mahindi kwa jiwe. Lakini nilimtaka mume wangu. Kila mchana watoto wakitoka kucheza nilirudishia mlango nikainua miguu. Mama mkwe akaingia siku moja kuchukua chungu, akanikuta hivyo hivyo.

"Wee! Umepatwa na nini?"

"Mwanao ndiye anataka, mama. Nipunguze tumbo."

"Huyo wazungu wamemharibu," akasema, akachukua chungu chake akatoka. Maziwa aliendelea kuniwekea, nami niliwapa watoto.

Tumbo lilipungua kweli. Yakapungua na mashavu, na mikono, na makalio. Mume aliporudi alinizunguka, akanipiga kofi dogo tumboni. "Sasa unafanana na watu." Siku ile nilifurahi, sifichi.

Kumbe wenzangu kisimani walikuwa wananitazama. "Shoga, kwa mumeo wanakunyima chakula?" Nikacheka tu. Wao hawakucheka. Maneno yakavuka bonde hadi Baray kwa kaka zangu, wakaja wawili pamoja na baba mdogo. Kaka mkubwa hakunisalimia. Alinishika mkono juu ya kiwiko kama mtu anayechagua fito. "Dada, hapa mnakula nini?"

Wazee wakaitwa, na mume wangu toka kazini, wakakaa uani. Kwetu kumnyima mzazi chakula ni kosa kubwa: binti anarudi kwao na mtoto anayenyonya tu, wengine wanabaki kwa baba. Nililijua hilo, na wangu wawili walikuwa wanacheza pale pale. Neno moja la mume wangu lingetosha: "Mimi ndiye niliyemwambia apungue." Nikamkazia macho. Mzee akamuuliza.

"Chakula kipo," akasema. "Anakataa mwenyewe. Sijui ana nini moyoni."

Basi nikasema mimi. Mbele ya wanaume wote nikasema ya tumbo, ya miguu juu, ya majani. Wakacheka. Mzee mmoja alicheka hadi akafuta machozi. "Binti yangu, mwanamume gani anatafuta mke mkavu? Tafuta uongo mwingine." Mume wangu akacheka nao. Nikamgeukia mama mkwe, aliyeona kwa macho yake.

Alitazama chini. "Labda nilimpunguzia maziwa," akasema. "Uzee huu, nasahau."

Hivyo akabeba kosa yeye, kumkinga mwanawe. Ukoo wao ukatozwa ng'ombe mtamba na asali, nami nikaondoka na mtoto mgongoni. Yule wa pili, ambaye hata kusema alikuwa hajasema vizuri, alinikimbilia hadi kwenye lango la boma, baba yake akamnyanyua na kumrudisha ndani. Kilio chake nilikisikia mpaka tulipoteremka bondeni.

Kwetu mama alinilisha siagi, nikala kwa hasira. Tumbo likarudi lote. Mvua zikapita, tukavuna, ndipo mume wangu akaja na ule mtamba wa faini na maneno mazuri kwa shemeji zake. Tumbo aliliona. Akachukua mzigo wangu, tukaondoka.

Njiani nikamuuliza, "Kwa nini ulinikana?"

"Ningesemaje mbele ya wazee? Wangenicheka."

"Mimi je, hawakunicheka?"

Akaongeza mwendo.

Tulipofika, mtoto wangu wa pili alikuwa amesimama mlangoni. Amekuwa mrefu. Nikachuchumaa, nikanyoosha mikono, nikamwita kwa jina lake. Akanitazama usoni, akatazama na mtoto niliyembeba, kisha akakimbilia ndani kwa bibi yake.

"Mama," alimwambia bibi yake, "kuna mgeni."