Meza ya Saba Katika Chumba cha Damu

Moyo, figo, mishipa ya fahamu, saratani: idara zote za hospitali kuu ya chuo kikuu pale Daegu, Korea Kusini, hupitia mikononi mwa Pyo Gyeong-ae kabla daktari hajasema neno la uhakika. Yeye ni fundi wa maabara aliyesomea chuo cha afya cha miaka mitatu, na kwa miaka ishirini na minne ameketi kwenye meza ya saba ya chumba cha kutolea damu. Maprofesa wenye majina makubwa hupita mlangoni bila kumjua. Damu wanayoijadili, hata hivyo, yeye ndiye aliyeitoa.

Hutafuta mshipa kwa kidole cha pete, kwa kuwa kidole hicho, kama asemavyo, hakijachoshwa na kazi nyingine. Mgonjwa wa saratani ambaye mishipa yake imejificha kwa ukali wa dawa huletwa kwake moja kwa moja. Ana kanuni moja tu inayowakera watu. Hamsomei mgonjwa jina lake ili aitikie. Mgonjwa hulitaja mwenyewe, pamoja na siku ya kuzaliwa, naye huyalinganisha na utepe wa utambulisho wa mkononi.

"Siku mumeo akija hapa," Nam Hye-rim wa meza ya sita humtania, "najua utamwuliza kazaliwa lini."

"Nilishamwuliza. Alikosea."

Asubuhi moja ya vuli, saa tatu na nusu, Bi Bae Mal-sun aliletwa mbele yake kwa kiti cha magurudumu, akisukumwa na mkamwana wake, Gi-yeon. Bibi huyo alikuwa mkulima wa vitunguu saumu kutoka wilaya ya Uiseong, na vali ya moyo wake ilikuwa imekakamaa kiasi kwamba ngazi tatu tu zilimkata pumzi. Upasuaji ulipangwa kesho yake. Sampuli ya kulinganishia damu ilitakiwa ifike benki ya damu kabla ya saa nne. Ikichelewa, nafasi ingekwenda kwa mwingine, naye angesubiri mwezi mzima. Daktari wa moyo hakuwa na hakika kwamba angeumaliza mwezi huo.

"Mama, jina lako kamili?"

"Bae Mal-sun. Usinichome mara mbili, mwanangu, ngozi yenyewe imebaki kidogo."

"Ulizaliwa lini?"

"Mwaka wa Chui Milia, mwezi wa tatu, tarehe kumi."

Kwa hesabu ya zamani inayoipa miaka majina ya wanyama, Mwaka wa Chui Milia ulikuwa 1938. Utepe ulisema tarehe 27 Novemba 1941.

Gi-yeon aliangua kicheko, akimwita fundi "mwalimu" kama ilivyo heshima ya huko. "Hiyo ni ya kalenda ya mwezi, mwalimu. Ya kwenye karatasi ni nyingine. Enzi zile watoto walikufa sana, wazazi hawakuwa na haraka ya kuwaandikisha."

Hilo lilikuwa kweli, na hapo ndipo hatari ilipojificha. Wazee wa kizazi kile wana siku mbili za kuzaliwa, moja ya nyumbani, inayosherehekewa kwa supu ya mwani, nyingine ya serikali, na hospitali nzima imezoea kuzipuuza tofauti zao.

"Basi nitajie ya karatasi, Mama."

"Hiyo siijui. Kijana wa mapokezi aliniuliza kama ni Novemba, nikamwambia ndiyo. Karatasi zinanijua kuliko mimi."

Gyeong-ae aliiweka sindano chini. "Kitambulisho kiko wapi?"

"Anacho mume wangu, bado anahangaika na maegesho," Gi-yeon alisema, na kicheko kilikuwa kimemwisha. "Mwalimu, saa nne hiyo inafika! Toa damu, mengine tutayamaliza baadaye."

"Meza ya saba wanatoa damu au wanahesabu watu?" mzee mmoja alifoka kwenye foleni, na watu wakacheka.

Hye-rim aliinamisha kichwa karibu. "Dada, ni kalenda tu. Mpitishe. Wodi ya moyo imeshapiga simu mara mbili."

"Huenda ni kalenda," Gyeong-ae alijibu. "Lakini simtoi damu mtu nisiyejua ni nani."

Alijua vyema kwamba akiwa amekosea, atakuwa amemnyima bibi huyu kesho yake. Sauti yake haikutetereka alipomwelekea Gi-yeon. "Mpigie mumeo. Akusomee namba sita za kwanza tu za kitambulisho, ndizo mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa."

Simu ililia mara nyingi kabla ya kupokewa. "Tatu, tisa, sifuri, tano, sifuri, mbili," Gi-yeon alirudia alichosomewa, huku macho yake yakiteremka kwenye utepe. Namba hazikulingana hata moja. "Hee! Sasa huyu ni nani?"

Jibu lilitoka mapokezi baada ya dakika nne. Mal-sun ni jina ambalo wazazi wa zamani walimpa binti waliyetamani awe wa mwisho, kwa hiyo wenye jina hilo wamejaa nchini. Bae Mal-sun wawili walikuwa wamelazwa asubuhi ile, mmoja kwa moyo, mwingine kwa nyonga. Wote wawili walikuwa wameingizwa katika faili moja. Yule wa nyonga alikuwa wa kundi A. Huyu, kwa kadi ya zahanati ya kijijini kwake, alikuwa wa kundi O, ambalo halipokei damu ya A.

Muuguzi wa wodi ya moyo alishuka mbio na utepe mpya. Gyeong-ae alichoma mara moja, akabandika lebo mbele ya macho ya mgonjwa, na saa nne kasoro dakika tatu chupa ilikuwa imepokewa benki ya damu.

"Kwa hiyo nina miaka mingapi?" Bi Mal-sun aliuliza.

"Kwa karatasi, umepungua mmoja, Mama."

"Afadhali. Niongezeeni huo mbeleni."

Kesho yake mchana benki ya damu ilipiga simu: mifuko mitatu ya kundi O ilikuwa imetumika, na moyo ulikuwa unapiga wenyewe.

"Na kama ingekuwa kalenda tu?" Hye-rim aliuliza.

"Ningemwomba radhi," Gyeong-ae alisema, akifungua sindano nyingine, "kisha ningepanda wodi ya moyo, nisishuke mpaka wampe nafasi."