Benchi la Wasindikizaji

Jumanne iliyopita nilikuwa hospitali moja hapa Sumbawanga, kwenye benchi la nje ya chumba cha ushauri, pale wanapohudumiwa watu wenye msongo na mawazo mazito. Tulikuwa watatu. Kijana wa bodaboda kutoka Katandala hakuvua helmeti hata alipokaa, na kioo chake alikuwa amekishusha. Mama mmoja aliyekuja na gari la asubuhi kutoka Matai alikuwa amejitanda kitenge hadi puani.

"Shikamoo mama," kijana alisema kutoka ndani ya helmeti. "Unaumwa?"

"Marahaba. Mimi mzima, nimemsindikiza mtu. Na wewe?"

"Na mimi nimesindikiza."

Wakanigeukia. Nikawaambia nimemleta jirani yangu, kaenda chooni mara moja.

Nesi akafungua mlango, akauliza mgonjwa ni nani. Mama akatazama dari. Nesi akatuhesabu kwa kalamu, kisha akasema taratibu, kama mtu aliyeyazoea: "Haya, basi aingie msindikizaji wa kwanza."

Mama akainuka, akaingia. Alikaa humo muda mrefu, akatoka kitenge kikiwa kiunoni na uso wazi. "Hawang'ati, jamani," akatuambia. Kijana akavua helmeti.

Huku kwetu mgonjwa haachwi aende hospitali peke yake, ndiyo maana sisi watatu tulijisindikiza wenyewe.

Yule jirani yangu anaendelea vizuri. Juzi kalala mpaka jogoo akawika. Wiki ijayo kapangiwa kurudi, na nitamsindikiza.