Mbio za Magari na Barua Yangu ya Posa

Sikuwa na haja yoyote ya kwenda Kisarawe. Nilimaliza darasa la kumi Tabora, nikarudi kwetu Bukoba, nikakaa miezi minne nikitazama ziwa, kisha asubuhi moja nikapanda meli ya Mwanza bila kumwambia mtu ninakwenda kufanya nini, kwa kuwa hata mimi sikujua. Melini tulitapika watu wote. Mbuzi wa abiria mmoja ndio waliosimama imara. Mwanza nikapanda garimoshi, Tabora nikabadilisha, Dodoma nikala vumbi. Nilikusudia kufika Dar es Salaam. Lakini ndani ya behewa nilikaa na mnyapara wa barabara, mtu wa Mlandizi, aliyenisikia nikimsomea abiria mwenzangu gazeti. Tulipofika stesheni ya Ruvu akasimama, akajitwisha mzigo wake.

"Karani wangu kaugua," akasema. "Shuka."

Nikashuka. Mambo yangu mengi nimeyafanya hivyo.

Kazi ilianzia Kibaha, kwenye barabara ya Morogoro, mimi nikiandika majina ya vibarua na idadi ya majembe. Baada ya mwaka tukahamishiwa Kisarawe kutengeneza njia ya kupanda mlima. Hapo ndipo nilipomkuta mzee mmoja, mzaliwa wa Mzenga, aliyekuwa zamani fundi wa nyaya za simu za serikali na sasa analima mihogo na mikorosho. Siku ya kwanza nilipita mbele ya nyumba yake nikasema, "Habari za asubuhi, mzee." Hakuitika. Akamgeukia mnyapara.

"Huyu karani wako kalelewa na nani?"

Kuanzia siku ile shikamoo yangu ilikuwa tayari mdomoni hata kabla sijamwona mtu.

Mzee huyo alikuwa na binti. Nilikuwa nikimwona kisimani, tulikokuwa tukichota maji ya kazi. Wasichana wengine walinicheka matamshi yangu. Yeye aliniuliza maswali. Meli ina ghorofa ngapi? Mwanza na Tabora ni ipi yenye baridi? Watu wa huko wakila ndizi bila nazi, wanashiba? Nilimjibu kwa miezi mitano. Kisha nikaandika barua ya posa kwa mwandiko wangu bora kabisa, mnyapara akaipeleka. Wiki tatu zikapita. Kila nikimuuliza mnyapara, ananiambia, "Mzee anasema barua ameisoma. Mwandishi ndiye hajamsoma."

Wakati huohuo chama cha wenye magari cha Dar es Salaam, Wazungu na Wahindi waliopenda mwendo, kikaomba ruhusa ya kufanya mashindano kwenye barabara yetu mpya. Jumapili ile Kisarawe yote ilitoka. Wanawake walivaa khanga za sikukuu, wauza korosho wakajipanga njia nzima. Watu walipoambiwa kwamba magari yatapanda moja moja, yakishindana na saa, walikasirika kidogo.

"Sasa gari likienda peke yake, litashindwa na nani?" aliuliza bibi mmoja.

"Na saa, bibi."

"Saa nayo inapanda mlima?"

Mwishowe waliamua kwamba kila gari litakalofika juu limeshinda, na wakashangilia kila moja kama bwana harusi.

Mpango ulikuwa huu. Simu mbili za kuzungusha mpini ziliwekwa, moja chini na moja juu, waya ukipita mitini. Bendera ikishuka, mtu wa chini azungushe mpini na kusema neno moja: "Twende!" Mtu wa juu akilisikia, ashushe mkono, na Mzungu aliyekaa karibu naye abonyeze saa ianze kuhesabu. Kengele peke yake hawakuiamini, maana ililia hata mbuzi akiugusa waya. Na kabla ya bendera kushuka ilikuwa marufuku kuongea, ili betri zisiishe. Mtu wa juu alikuwa yule mzee, kwa ujuzi wake wa simu. Mtu wa chini alikuwa katibu wa chama, na siku ya majaribio kila kitu kilikwenda sawa.

Lakini asubuhi ya mashindano katibu akaona afadhali naye akimbize gari lake. Akatazama huku na huku, akaniona mimi na kalamu yangu sikioni.

"Wewe karani, unajua simu?"

"Naijua," nikasema. Sikuwa nimewahi kuishika.

Gari la kwanza likanguruma. Bendera ikashuka. Nikazungusha mpini.

"Twende!"

"Twende wapi?" sauti ikauliza. "Nani wewe?"

Nikakumbuka adabu. "Shikamoo, mzee. Ni mimi karani. Gari limeondoka."

"Marahaba."

Gari la pili sikurudia kosa. "Shikamoo, mzee. Twende."

"Marahaba, hujambo?"

"Sijambo, mzee, twende!"

La tatu, la nne, hivyo hivyo. Gari la tano lilikuwa la daktari wa meno wa Kihindi, mtu mnene mwenye tai nyekundu. Gari lenyewe dogo, la kijani, likikohoa moshi kabla halijaanza kwenda. Bendera ikashuka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe si ndiye yule wa barua?"

"Ndiye, mzee. Gari limeondoka."

"Nimesikia. Wazazi wako wapo hai?"

"Mama yupo, mzee. Baba alifariki. Gari..."

"Mungu amrehemu. Na swala unaswali?"

"Naswali, mzee. Gari la daktari, mzee!"

"Ah! Twende, twende," akasema, kama anayemfukuza kuku. Baadaye niliambiwa kwamba mkono wake uliposhuka, gari la kijani lilikuwa limeshatokeza kwenye kona ya mwisho.

Matokeo yakasomwa kule juu. Daktari wa meno alikuwa ameyashinda magari yote, hata lile jekundu la katibu lililofanana na samaki. Watu walimbeba mabegani, jambo ambalo halikuwa rahisi. Yeye mwenyewe alikuwa akipunga mikono akipinga.

"Gari langu hili? Hata likisukumwa kuteremka halifiki hivyo! Saa imeharibika!"

Katibu akateremka na lori, mzee pembeni yake, wote wawili wamenuna. "Nani aliyechelewesha neno?" akauliza.

Nilimtazama mzee. Nikisema maswali yalikuwa yake, posa imekwisha. "Ni mimi, bwana. Nilikuwa nikisalimu," nikasema.

"Kwenye mashindano?"

"Asingesalimu ningekata simu," mzee akadakia. Halafu akanigeukia, mbele ya watu wote. "Kijana, salamu ya leo nimeipokea. Mpaka jua lizame tumo ndani ya salamu hiyo hiyo. Na maswali nami nitayaweka kando."

Katibu akacheka mpaka akaegemea lori. Akaamuru mzee arudishwe juu na magari yote yarudie. Umati ukapiga vigelegele. Mashindano mawili siku moja, nani angelalamika? Safari ile nilisema "Twende" tupu, na mzee akashusha mkono mara moja. Daktari wa meno akawa wa mwisho, akafurahi kuliko wote.

Gari jekundu la katibu ndilo lililofunga siku. "Twende!" Likapaa. Nikawa ninarudisha simu mahali pake nikasikia sauti.

"Karani, upo?"

"Nipo, mzee."

"Mkono nimeshashusha. Sasa nakuuliza. Wewe unakaa hapa, au unapita?"

Nilitaka kusema ninakaa. Nilikuwa nimejiandaa kwa neno hilo wiki tatu.

"Sijui, mzee. Tangu nimalize shule sijakaa mahali miaka miwili."

Waya ukavuma. Huko juu nilisikia watu wakimshangilia katibu.

"Mwanangu kaniambia hivyo hivyo," akasema polepole. "Nikadhani anakusingizia. Nikamwambia, mtu huyu atakuhamisha. Akanijibu, ndiyo maana ninamtaka." Akakohoa. "Ijumaa baada ya swala, lete wazee wako."

Sikuwa na wazee huku. Nilikwenda na mnyapara, mpishi wa kambi, na fundi mmoja wa Kwala aliyeazima kanzu.

Baada ya harusi tulikaa Kisarawe miaka minne, kwa kuwa mkwe wangu alikuwa anaugua miguu na nilipenda kumsikiliza. Alipopona, akiwa shambani tena tangu alfajiri, kazi ya barabara ilihamia upande wa Iringa. Lori lilikuja asubuhi. Mke wangu alipanda wa kwanza, mtoto mgongoni, akajipangia nafasi juu ya magodoro pale panapoonekana mbele. Mimi nikabaki chini, nimeshika ubao wa lori, nikiitazama ile mikorosho.

"Mbona umeganda?" akaniita, akicheka. "Panda bwana, tunachelewa!"

Akaninyooshea mkono, akanivuta.